Mtunzi wa Dansi Aliyekataa Kamera

Alhamisi iliyopita, tarehe 5 Oktoba 2023, jua likiwa limeshahama dirishani, mke wangu aliomba akatwe kucha za miguu, na mama yake akaleta beseni la maji ya vuguvugu, akaketi mwisho wa kitanda, akaupakata mguu wa kushoto kwa uangalifu, kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani. Mimi nilishika taulo. Marehemu alilalamika kama kawaida yake, akasema, "Mama, hapo unakata kucha au unachonga mwiko?" na mama akamjibu bila kuinua uso kwamba miguu iliyopiga sakafu maisha yote isitegemee kuwa na kucha za bibi harusi, wakacheka wote wawili, yeye kwa shida, kwa sababu kicheko kilimuuma mgongoni. Mguu wa pili ulipokwisha alisema anasikia baridi, nikamvika soksi, akalala. Hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida lililotokea nyumbani kwetu, na kwa kuwa familia imeniomba niisome mwenyewe, hapa kwenye mazishi, historia hii ya maisha yake, na nianzie popote nitakapoweza, nimeweza kuanzia hapo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya serikali, si mbali na hapa tulipo, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watatu wa fundi umeme na mpiga pasi, na mpiga pasi huyo ndiye mama mkwe wangu, ambaye ameketi hapa mbele. Baba yake alifariki tarehe 2 Juni 1983 kwa ajali kazini, na tangu siku hiyo nyumba ile ililishwa, ilivishwa na kusomeshwa kwa pasi. Mama alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli, orofa ya chini kabisa, chumba kisicho na dirisha, chenye meza ndefu, marundo ya mashuka, mvuke, na wanawake waliosimama tangu asubuhi hadi jioni. Kwa kuwa nyumbani hakukuwa na mtu mzima wa kumwangalia, marehemu akitoka shule alikwenda moja kwa moja kwenye chumba kile, akafanya kazi zake za shule chini ya meza ya mama yake, ambako msimamizi asingemwona, na kutoka pale chini hakuona nyuso wala mikono, aliona miguu tu. Aliniambia mara nyingi kwamba alijifunza hesabu na alijifunza kutazama mahali pamoja. Kabla hajafikisha miaka kumi na miwili alikuwa akijua ni nani kati ya wale wanawake amechoka, nani ana mimba ambayo hajaisema, na nani ameamka kwa ugomvi, kwa jinsi tu mtu alivyouhamisha uzito wake kutoka kisigino kimoja kwenda kingine.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1981 hadi 1987, akaendelea na sekondari ya wasichana ya bweni kuanzia 1988, akamaliza masomo ya juu ya sekondari mwaka 1993, na Septemba 1994 akajiunga na chuo cha sanaa, akasomea dansi. Mama alilipia chuo hicho akiamini kwamba sanaa wanayofundisha ni kushona na kufuma, na marehemu hakuona haraka ya kumsahihisha, mpaka mwaka wa pili mama alipomwagiza aje na kitambaa cha meza alichokifuma mwenyewe, likizo ile ikawa ndefu kwa wote wawili. Alihitimu stashahada tarehe 28 Novemba 1997, na Januari 1998 akaajiriwa kufundisha michezo katika shule ya sekondari ya wasichana, kazi aliyoifanya kwa miaka tisa.

Hapo shuleni ndipo tulipokutana, mwezi Mei 1999, mimi nikiwa mpima ardhi kijana niliyetumwa kuweka mipaka kati ya uwanja wa shule na kiwanda cha matofali. Nilikuta wasichana kama thelathini wamelala chali kwenye majani, kimya, macho wameyafumba, mmoja wao akiwa amelala juu kabisa ya mahali ambapo kigingi changu kilipaswa kuchomekwa. Nilimwomba mwalimu wao awahamishe. Alinitazama kuanzia kwenye viatu, akasema, "Kigingi chako kitasubiri, hawa wamelala kikazi." Kigingi kilisubiri, na mimi nikasubiri nacho juani, na tangu siku hiyo hakuniita jina jingine ila Kigingi, nyumbani, ukumbini na mbele ya wakubwa zangu wa kazi, na harusini kwetu alisimama na kuwatangazia wageni kwamba jina hilo limethibitishwa na namna ninavyocheza muziki. Tulifunga ndoa tarehe 12 Agosti 2000. Tulijaliwa binti mmoja, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 2003, ambaye sasa anasomea uuguzi, na mtoto wa kiume, ambaye tarehe 21 Septemba 2006 alizaliwa akiwa hana uhai, na ambaye tunamhesabu.

Mwaka 2004 marehemu alikusanya baadhi ya waliokuwa wanafunzi wake, akaanzisha nao kundi la dansi katika ukumbi wa chama cha walimu, ukumbi wenye sakafu ya mbao na bati linalovuja upande wa kulia, na nilimpimia sakafu ile na kumwekea alama za chaki, kwa kuwa ndiyo kazi pekee aliyonikubalia humo. Dansi zake hazikuwa za kupamba sherehe. Alitunga juu ya mambo ambayo wanawake huyafanya kila siku bila mtu kuyatazama, kama vile kupanga foleni na mtoto mgongoni, kuinama kufagia chini ya kitanda, au kusimama mlangoni ukisikiliza kama mwenye nyumba amerudi na hasira. Waandishi walipomuuliza ujumbe ni upi, alisema ujumbe hupelekwa posta.

Dansi yake ya kwanza kubwa iliitwa "Pasi", ikaonyeshwa tarehe 19 Novemba 2005, ikiwa na wanawake sita waliosimama nyuma ya meza, wakihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine kwa muda wote wa onyesho, na kwa wale tulioiona haikuwa rahisi kukaa kwenye kiti baada ya hapo. Mama yake alikaa safu ya mbele. Alitazama hadi mwisho, akarudi nyumbani. Lakini mgeni mmoja aliirekodi dansi ile, na wiki iliyofuata picha zake zilionyeshwa kwenye televisheni ya chumba cha chakula cha wafanyakazi wa hoteli, sauti ikiwa imezimwa, mabosi wamejaa, na mhudumu mmoja akabeba sinia na kupita mbele ya mama akitikisa kiuno, watu wakacheka mpaka wakafuta machozi. Mama alikuja kwetu jioni ile na sare zake za kazi, akakataa kukaa, akasema akiwa mlangoni, "Nimekusomesha kwa mkono huu, wewe ukauchukua ukaenda kunichezesha mbele ya mabosi." Marehemu alimwambia kwamba dansi ile aliitunga kwa heshima. Mama akamuuliza, "Heshima gani hiyo, ya kuchekwa na wabeba chai?"

Mama hakumsusa mwanawe. Alikuja tulipompoteza mtoto wetu, akakaa nasi mwezi mzima, akafua, akapika, akamkanda. Lakini ukumbini hakukanyaga tena, na jina la kazi ya binti yake hakulitamka. Marehemu naye kuanzia wiki ile ya televisheni hakuruhusu kamera kuona dansi yake yoyote, si ya televisheni, si ya wafadhili, si simu ya mzazi wa mchezaji. Alisema kamera inakuchukulia mtu na kumpeleka mahali ambapo wewe hupo kumtetea. Mlangoni aliweka kapu, na mchezaji wake mkuu, ambaye wote tunamwita Kijiti kwa wembamba wake, ndiye aliyesimama hapo akiwaambia watu, "Viatu vaeni, simu vueni." Mahali pa kamera aliweka utaratibu wa mapacha, kwamba kila sehemu ya dansi ijulikane na miili miwili, ya mchezaji na ya pacha wake, ambaye si lazima awe mchezaji, ili mmoja akiugua, akihama au akifa, sehemu yake isiondoke naye. Kwa utaratibu huo alitunga na kuhifadhi dansi kumi na moja, pamoja na "Kitanda cha Dirishani", ya mwaka 2008, kuhusu mama aliyelazwa bila mtoto katikati ya mama wenye watoto, ambayo mimi nimeitazama mara moja na sijaweza kuirudia.

Mwezi Januari 2021 marehemu aligundua uvimbe katika titi la kushoto, akafanyiwa upasuaji tarehe 9 Februari, akapata matibabu ya dawa na ya mionzi, akapata nafuu, na mwaka uliofuata akarudi ukumbini, akiwa na upara ambao Kijiti alimwambia umempendeza kuliko nywele. Mwezi Februari mwaka huu alianza kutunga dansi yake ya mwisho, "Kuinua", kuhusu wanawake wanaowauguza watu wao nyumbani, dansi ya wachezaji wanne na nafasi ya tano, ambayo ni ya mgonjwa, na nafasi hiyo alijiwekea mwenyewe. Aprili mgongo ulianza kumuuma. Vipimo vya tarehe 17 Mei vilionyesha kwamba saratani imefika kwenye uti wa mgongo, na mwishoni mwa Juni miguu yake, ile iliyomfundisha kutazama, ilikuwa haimsikii tena.

Mama alihamia kwetu tarehe 18 Juni. Mimi nilitoka kazini mapema kila nilipoweza, binti yetu alikuja kila mwisho wa wiki, lakini aliyemwinua marehemu kutoka kitandani hadi kwenye kiti, asubuhi na jioni, alikuwa mama, mwanamke wa miaka sabini, mwembamba, peke yake, kwa sababu marehemu hakutaka mwingine. Na kuinuliwa kwenyewe kulikuwa na kelele. "Usinivute, Mama. Nisubiri." Mama akasubiri. "Weka goti kwanza. Mkono wa shingoni usikaze. Sasa nikitoa pumzi, ndiyo uinue." Mama akainua, akamkalisha. "Tena." Mama akasema, "Tena ya nini, si umeshakaa?" Marehemu akasema, "Nirudishe, turudie." Siku nyingine mama alitoka chumbani akifuta jasho, akaniambia jikoni kwamba mke wangu amekuwa mgonjwa wa kiburi, kwamba hata malkia hawainuliwi hivyo, kisha akarudi ndani, akamrudisha kitandani, akamwinua tena. Sote tulidhani ni maumivu yanayomfanya achague.

Wachezaji waliendelea na mazoezi ukumbini bila yeye, kwa maelekezo ya simu, na kufikia Septemba walikuwa na dansi yote isipokuwa mwisho wake, yaani mahali ambapo kiti kinaletwa, kisha mwanamke mmoja anamwinua mgonjwa kutoka sakafuni. Kijiti alimsihi aruhusu hata picha ya dakika moja ipigwe pale kitandani, akionyesha kwa mikono tu. Alikataa, akasema, "Mwisho upo nyumbani, nitawaletea." Wao walielewa kwamba atawaletea siku atakayopata nguvu. Aliniambia mimi jambo moja tu kuhusu dansi hiyo, kwamba hataki ionyeshwe nusu, halafu watu wasimame kimya mbele ya picha yake na kurudi nyumbani wakiwa wameridhika.

Marehemu alifariki nyumbani, Ijumaa tarehe 6 Oktoba 2023, adhuhuri, katika chumba kinachotazama uani, akiwa na mama yake, binti yetu na mimi. Alikuwa amepewa dawa ya maumivu, na hakuhangaika. Gari la chumba cha maiti lilipofika, vijana wawili waliingia na machela, mmoja akashika mabega, wa pili akashika vifundo vya miguu, na mama akasema, "Sivyo." Aliwasogeza kando. Akaweka goti moja kitandani, mkono wa kushoto akaupitisha chini ya shingo, wa kulia nyuma ya mgongo, akainamisha paji la uso wake hadi likagusa la mwanawe, akatulia. Vijana wakatazamana. Mimi nilijua anasubiri nini. Alikuwa anasubiri pumzi, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, kwamba anayeinuliwa akitoa pumzi ndipo uinue, na mikono yake ilikuwa imeshajua kusubiri kuliko yeye mwenyewe. Alisubiri muda mrefu. Halafu akasema, "Haya," akamwinua peke yake, akamkalisha, na uzito wa mke wangu ukapita kutoka kitandani kwenda begani kwa mama bila kuburuzika popote, na hapo ndipo nilipoona kwamba nimeutazama mwisho wa "Kuinua" kila siku tangu Juni.

Jioni wachezaji wote wanne walikuja kutupa pole. Kijiti aliniita uani, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wamekubaliana kuiondoa "Kuinua" kwenye onyesho lililopangwa tarehe 28 mwezi huu, kwa sababu mwisho hawana, na kwamba badala yake wataweka picha ya mwalimu wao jukwaani na taa moja. Nilimwomba asimwambie mtu mwingine hadi kesho.

Kabla sijafika kwenye kesho hiyo, familia inatoa shukrani zake. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa idara ya saratani, hasa daktari aliyetuambia ukweli akiwa amekaa na si akiwa amesimama mlangoni, na muuguzi wa huduma za nyumbani, aliyekuja hata siku ya mvua kubwa akiwa ameshika viatu mkononi. Tunawashukuru majirani, ambao walizima redio zao bila kuombwa, na mwenye duka la kona, aliyetuletea barafu kila mchana. Tunawashukuru walimu wenzake wa zamani, wafanyakazi wenzangu wa idara ya upimaji, na wanawake waliofanya kazi na mama kwenye chumba cha kufulia, ambao leo wamekuja wengi kuliko tulivyotarajia, na wamesimama, ingawa viti vipo.

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 7 Oktoba, nilimkuta mama jikoni akisuuza lile beseni la kucha. Nilimwambia kwamba ule mwisho ambao wachezaji wanautafuta anao yeye. Akauliza, "Mwisho upi?" Nikamwambia, wa kumwinua. Alisimama na beseni mkononi, maji yakidondoka sakafuni. "Kumbe mtoto yule," akasema, "alikuwa ananichezesha tena." Nilidhani amekasirika. Aliliegesha beseni ukutani, akafuta mikono, akaenda kuvaa viatu vyeusi, hivi alivyovaa leo, na alipotoka chumbani aliniuliza kama huko ukumbini kuna kamera. Nilimwambia hakuna. Akasema, "Basi twende kabla wageni hawajaanza kufika."

Tuliwakuta wachezaji wamekaa sakafuni karibu na mlango, kwa kuwa nilikuwa nimewapigia simu bila kuwaeleza jambo. Mama alipita katikati yao, akatazama bati, akatazama meza za "Pasi" zilizoegemezwa ukutani, akazitazama kwa muda mrefu kuliko vitu vingine vyote, kisha akauliza, "Mgonjwa ni nani?" Nafasi ya tano ilikuwa ya mwalimu wao, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kulala mahali pake. Mama akauliza mara ya pili. Kwa hiyo nilivua koti, nikavua viatu, nikaenda kwenye alama ya chaki ambayo niliichora mwenyewe mwezi Februari, nikalala chali. Nikamsikia Kijiti akisema, "Kigingi kimelala."

Mama mkwe wangu, ambaye kwa miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kunigusa zaidi ya kunipa mkono wa salamu, alipiga goti kando yangu. Mkono mmoja akaupitisha chini ya shingo, wa pili nyuma ya mgongo, akasogeza paji lake la uso karibu na langu, akasubiri. Sikuweza kutoa pumzi. Hakunivuta. Alisema taratibu, "Mkwe, mimi sina haraka," na akaendelea kusubiri, na pumzi ilipotoka, ilitoka na kila nilichokuwa nimekishikilia tangu Ijumaa, na nilipotambua nilipo, nilikuwa nimeshakaa kwenye kiti. Wachezaji walikuwa wamesimama. Mama aliwatazama mmoja mmoja kuanzia miguuni, akanirudisha sakafuni, akasema, "Tena." Tulirudia mpaka Kijiti akaweza kuniinua, na baada yake mwingine, na mwingine, mpaka wote wanne wakaweza, na mama akaweza kukaa.

"Kuinua" itaonyeshwa Jumamosi tarehe 28 Oktoba, nzima, na kapu la simu litakuwa mlangoni.

Mke wangu, mama wa watoto wetu wawili, sasa umelala kikazi, na vigingi vyote vitasubiri. Pumzika kwa amani yako, taratibu, kwa kadiri upendavyo, hakuna atakayekuvuta.